Jinsi ya Kuendesha Nyumba ya Mvumbuzi: Anzeni na Gata

Wadhamini wapya, kazi mliyoikubali haina mshahara wala posho ya kikao, na mikutano yake huangukia siku ambayo wenzenu wanapumzika. Ipendeni hivyo hivyo, maana nyumba ya kihistoria isiyo na watu wa kujitolea haikawii kuwa gofu. Maadui wake ni wawili: maji na uzushi. Maji huozesha mbao, uzushi huozesha habari, na vyote huingia kidogo kidogo kupitia upenyo ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Mfano wangu ni nyumba alimozaliwa mvumbuzi David Livingstone, pale Blantyre, Uskoti, kwa sababu historia yake imefungamana na yetu kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo.

Hatua ya 1: Pimeni chumba kabla ya kumpima shujaa

Chukueni futi kamba. Familia ya Livingstone iliishi katika chumba kimoja cha futi 14 kwa 10, ndani ya jengo la Shuttle Row lililokuwa na familia 24 za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Humo ndimo David alimozaliwa tarehe 19 Machi 1813, na humo wazazi na watoto walipika, wakala, wakalala. Alipotimiza miaka 10 alianza kazi kiwandani, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha akaenda darasani.

Kwa hiyo mjumbe atakayependekeza kochi la kitajiri ili chumba kipendeze, mshukuruni kwa moyo wake mzuri, kisha mkatalieni. Udogo wa chumba ndio maonyesho yenyewe. Na pamba nayo isemwe: ilitoka kwenye mashamba ya ng'ambo yaliyolimwa na watumwa. Mtu aliyekuja kupinga biashara ya watumwa Afrika alilelewa kwa mshahara wa kiwanda kilichotegemea jasho lao. Kulisema hilo hakumvunjii heshima. Kunampa mgeni jambo la kufikiri.

Hatua ya 2: Paa kwanza, hotuba baadaye

Kila bodi ina mtu anayetamani uzinduzi wenye utepe, mkasi na picha. Mpeni ngazi apande akatazame gata. Majani yakiziba gata, maji hurudi ukutani, lipu huvimba, na chawa wa vitabu hupata makazi mapya. Saa moja ya kuzoa majani kabla ya msimu wa mvua huokoa fedha ambazo harambee ya mwaka mzima isingezipata.

Fundi akija na mifuko ya saruji, mrudisheni kwa upole. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hupumua. Saruji huufunga pumzi na unyevu ukabaki ndani ukila jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili vizuri, na jiwe la Uskoti lina tabia hiyo hiyo.

Kuhusu fedha, jiandaeni kwa safari ndefu. Shuttle Row ilikuwa imechakaa vibaya mchungaji James Macnair alipoanza kuipigania, na michango midogo midogo, hata ya watoto wa shule za Jumapili, ikasaidia kuifungua kama makumbusho mwaka 1929. Ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2021 uligharimu pauni milioni 9.1. Andikeni michango yote, mikubwa na midogo, katika daftari moja. Aliyetoa kidogo akiona jina lake limeandikwa sawasawa, atarudi.

Hatua ya 3: Gaweni kazi kwa tabia za watu

Mwenye maneno mengi apewe wageni. Mkimya apewe daftari la usajili. Asiyeamini mtu apewe uweka hazina, na hundi zitiwe saini na wawili. Mwenye kupenda ufunguo asiachiwe peke yake: ufunguo wa ziada ukae kwa mtu mwingine anayeishi karibu, kwa sababu bomba hupasuka siku ambayo mwenye ufunguo yuko harusini mji wa mbali.

Wekeni pia ukomo wa muda wa uongozi, na kila mzee mwenye ujuzi awe na kijana wa kumrithi. Bodi nyingi huzeeka pamoja na nyumba yao, kisha siku moja hakuna anayejua swichi kuu ya umeme iko wapi. Chukueni jioni moja mkaandike mambo hayo yote: swichi, bomba, bima, namba ya fundi. Hiyo ndiyo jioni yenye faida kuliko zote mtakazotumia.

Hatua ya 4: Jifunzeni kukataa zawadi

Kila atakayehama nyumba atawaletea sanduku la babu. Atasema dira iliyomo ilikuwa ya mvumbuzi mwenyewe, na atasema kwa machozi. Mpokeeni, mpeni chai, mwulizeni imefikaje mikononi mwa ukoo wake. Kama hakuna ushahidi, mrudishieni na sanduku lake. Kama upo, pigeni namba kitu chenyewe, kiandikeni daftarini, na mtoaji atie saini hati ya kukabidhi inayosema wazi kama ametoa moja kwa moja au ameazimisha. Uzushi huingilia mlango huu, na wajukuu wenye madai huja kupitia mlango huo huo.

Hatua ya 5: Karatasi chakavu itunzeni kuliko sanamu

Mwaka 1871, akiwa Manyema katika Kongo ya leo, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti kuukuu la The Standard la London na kuandika juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mimea ya huko. Wino ukafifia hadi karibu kutoonekana. Mtu mwenye haraka ya kusafisha kabati angeziona kurasa hizo kuwa takataka.

Zilibaki Blantyre. Mwaka 2011 kundi la watafiti, kwa kuzipiga picha chini ya mwanga wa rangi mbalimbali, liliweza kuzisoma. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya mauaji ya Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, mamia ya watu, wengi wao wanawake, walipouawa sokoni kando ya mto Lualaba. Habari aliyoiandika papo hapo haikulingana kila mahali na ile iliyochapishwa katika kitabu cha shajara zake za mwisho mwaka 1874. Hiyo ndiyo thamani ya kutotupa. Fungeni mapazia, punguzeni taa, wekeni karatasi kwenye masanduku yasiyo na asidi, na kalamu ya wino isiingie chumba cha nyaraka hata kwa mwenyekiti.

Hatua ya 6: Tajeni waliobeba

Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Wasaidizi wake wa safari, Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua na chumvi, wakaubeba hadi pwani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Luteni Cameron, ofisa Mwingereza waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa. Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,600. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, alikuwa nao. Wainwright aliandika shajara ya msafara, na Blantyre inayo. Susi na Chuma walikwenda Uingereza kumsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuhariri shajara za mwisho za bwana wao.

Bila watu hawa, Blantyre isingekuwa na la maana la kuonyesha. Majina yao yaandikwe kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina lake, mbele, chumba cha kwanza, na si kwenye kibao kidogo kando ya choo. Waandikieni pia walimu wa Tabora, Ujiji na Bagamoyo. Wao wana upande wa pili wa habari hii, na nyumba yenu ina deni kwao.

Kipimo cha kazi yenu ni rahisi. Mtoto wa shule akitoka, mwulizeni amekutana na nani humo ndani. Akitaja jina moja tu, kaeni kikao wiki hiyo hiyo na mwandike upya maelezo ya ukutani.