Namna ya Kuishi na Tumbo Lililohamia Bila Hodi

Kwanza, mama, azima futi ya fundi cherehani. Mizani iache palepale uvunguni. Dera limekuficha miaka mingi, na kanga nayo hukikubali kila kiuno bila swali. Futi haijui adabu hizo. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, shusha pumzi kama kawaida, soma. Ukivuta tumbo ndani unajidanganya, rudia. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamke akivuka sentimita 80 hatari ya kisukari na ya moyo huanza kupanda, na akivuka 88 imeshapanda sana. Andika namba yako nyuma ya mlango wa kabati, mahali ambapo wifi hafiki.

Sasa mjue mpangaji huyu alivyoingia. Ovari zinapofunga kazi, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiyaelekeza mafuta yakae mapajani na makalioni. Ikiondoka, mafuta hufungasha na kuhamia tumboni, tena vyumba vya ndani, kando ya ini na utumbo. Ndiyo maana kilo zinaweza kuwa zilezile za mwaka juzi na zipu ya sketi bado ikagoma. Wakati huohuo misuli inapungua, jambo lililoanza polepole tangu ukiwa na miaka thelathini na kitu. Misuli ndiyo mlaji mkubwa wa sukari iliyomo damuni. Ikipungua, sahani ileile ya jana inaacha salio.

Watakuambia mwili wako umeacha kuchoma chakula. Wajibu kwa upole, ukiwa na ushahidi. Mwaka 2021 jarida la Science lilitoa utafiti wa Herman Pontzer na wenzake, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli yake, matumizi ya nishati hukaa palepale kuanzia miaka 20 hivi hadi karibu 60, na hapakuonekana mteremko wowote wa ghafla wanawake wanapokoma hedhi. Hii ni habari njema kabisa, maana misuli iliyopungua inaweza kujengwa upya, hata kwa mwenye wajukuu.

Hatua inayofuata ni ngumu kuliko zote: majirani. Leo watakupokea na "Umenawiri, maisha yamekukubali!" Sema ahsante, pita. Kiuno kikianza kupungua, walewale watakuuliza kwa sauti ya chini kama unaumwa. Wapo wanawake walioacha mazoezi kwa ajili ya swali hilo, kwa kuwa kwetu kukonda kumebebeshwa hofu ya maradhi na ya umaskini. Naomba usiwe mmoja wao. Andaa jibu fupi mapema: "Napunguza kiuno, siyo uhai." Kisha mkaribishe anayeuliza mtembee wote jioni. Akikubali, umepata mwenzio; akikataa, hatauliza tena.

Jikoni, usijinyime ukala kama ndege. Mwili unaoshindishwa njaa hula na misuli yake, ileile tunayoitafuta. Anza sahani kwa dagaa, maharage, choroko, yai au samaki, kisha mchicha wa kutosha, halafu ndipo ugali upewe nafasi iliyobaki. Mafuta yapime kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu haujui kuhesabu. Chai ya vijiko vidogo vitatu vya sukari, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu gramu 36 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani lingependa tuishie kama 25. Na kwa hili kila bibi aniwie radhi: wali uliobakishwa na mjukuu si amana yako. Mpe kuku.

Sasa nguvu. Tafuta madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya lita tano, yaliyokwisha, ujaze maji. Kila moja ni kilo tano. Yashike, kaa kitini, simama bila kujisukuma kwa mikono, kaa, simama, hadi mapaja yaanze kulalamika. Yakilalamika, rudia mara moja zaidi. Kama magoti yanauma, anza bila madumu. Sukuma ukuta kwa viganja. Fanya hivyo walau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo wa haraka, ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Bodaboda akushushe mbali na nyumbani. Atashangaa, mzoeshe.

Atakayekuambia mwanamke wa umri wako akae apumzike, msimulie habari za kando ya Ziwa Eyasi. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwafuatilia Wahadzabe, wakakuta wanawake waliokwisha kukoma hedhi wakitumia muda mwingi kuliko mabinti zao kuchimba mizizi kwenye ardhi ngumu, kwa vijiti vilivyochongwa ncha. Mama aliponyonyesha kichanga, afya ya watoto wake wakubwa ilitegemea jasho la bibi. Umri huu una kazi yake, na kazi hiyo inataka mapaja.

Kuhusu chai za kupunguza tumbo, soma pakiti. Nyingi zina sanamaki, inayoharakisha choo: kesho mizani inashuka kwa maji yaliyotoka, mafuta hayajasogea hata hatua. Nyingine duniani zimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Pesa hiyo nunua dagaa.

Na ulale. Mwanamke anayeamshwa usiku na wimbi la joto la kukoma hedhi huamka na njaa isiyo ya kawaida, kwa kuwa usingizi haba huvuruga homoni za hamu ya kula. Fungua dirisha, neti ibaki, jifunike kanga moja. Joto likizidi, nenda kliniki uulize wazi kuhusu tiba ya homoni. Hiyo ni ya joto na usingizi, si dawa ya kukonda, na daktari ataangalia kwanza kama inakufaa. Ukiwa hapo pima presha na sukari. Ukiwa na uchovu usioisha na baridi wakati wenzako wana joto, omba na kipimo cha tezi ya shingo. Na damu ikirudi baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja, usiiite baraka ya ujana. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.