Ufunguo wa Sanduku la Maoni

Kibaraza cha kahawa, Mchafukoge, baada ya swala ya Alasiri. Boda ameegesha pikipiki juu ya mtaro kama kawaida yake.

BODA: Shikamooni. Mzee, kahawa na kashata. Nimemshusha jamaa Muhimbili, anapasuliwa goti. Nimemwambia achukue kalamu aandike juu yake: "Ni hili hapa!"

WAKILI WA MTAA: Mjinga wewe.

SISTA MSTAAFU: Mwacheni. Novemba 2007, pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Wa kichwa alifariki. Mwenzake akapelekwa India.

BODA: Loh! Na mle ndani wamejaa wasomi watupu. Hata mmoja asiulize jina la pili?

SISTA: Kuuliza, mwanangu, ndiyo kazi. Mimi wodini, hospitali siitaji, nilimwambia mkubwa dozi ile siielewi. Akaniuliza, "Umekuwa daktari lini?" Mwezi uliofuata zamu zangu zote za usiku.

MAMA NTILIE: Makubwa! Kwangu binti akisema wali unaungua nakimbilia sufuria. Huko kwenu mnamhamisha jiko.

WAKILI (anakunjua gazeti lililofungiwa karanga): Wananchi, ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, ya 2015! Ukiona afya au usalama wa watu uko hatarini, sema. Hufukuzwi, hunyanyaswi.

BODA: Unamwambia nani?

WAKILI: Kosa likiwa ndani ya taasisi... mkubwa wa taasisi hiyo.

Kibaraza kizima kikacheka mpaka Mzee Kahawa akamwaga kikombe cha mtu.

WAKILI: Sijamaliza! Mkubwa mwenyewe akiwa na maslahi, unakwenda chombo cha serikali cha uchunguzi.

MAMA NTILIE: Na hayo maslahi nani anayapima? Nesi wa zamu, saa tisa usiku?

Wakili akaomba kahawa ya pili, kwa mkopo.

MZEE KAHAWA: Majirani zetu je? 2018, hospitali ya Kenyatta, Nairobi, walipasua kichwa cha mtu asiyehusika. Wakasimamishwa daktari, manesi na mtoa dawa ya usingizi.

BODA: Na bosi?

MZEE KAHAWA: Naye akapewa likizo ya lazima, na waziri. Lakini walioanza ni wa chini.

SISTA: Dawa ipo, tena Ifakara waliionja. Kati ya 2007 na 2008, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji. Mambo 19. Mgonjwa nani, anapasuliwa nini, upande upi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila mmoja anataja jina lake na kazi yake.

BODA: Bingwa ajitambulishe kwa mfuta damu?

SISTA: Na mfuta damu kwa bingwa. Aliyekwisha fungua mdomo kusema jina lake hatashindwa kusema "daktari, siyo huyu." Katika hospitali zote nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

MAMA NTILIE: Kwa karatasi moja?

SISTA: Karatasi haisemi. Wapo wanaoitiki yote mgonjwa akiwa bado kwenye lifti. Na pale kwetu lilikuwepo sanduku la maoni, kufuli imara. Ufunguo kwenye droo ya mganga mfawidhi.

BODA: Basi hilo si sanduku la maoni. Ni mtego wa panya!

Sisi wa kibarazani tunamwomba Waziri wa Afya jambo moja, wala halihitaji bajeti: funguo za masanduku ya maoni zitoke ofisini kwa wafawidhi, zikae kwa mtu asiyepanga zamu ya nesi yeyote. Nawe mwenye mgonjwa, machela isisukumwe kabla hujasikia jina lake kamili na upande unaopasuliwa. Wakinuna, wanune.