Muulize Mjomba Chambo: Mshipi, Mbuzi na Mawimbi

*Mjomba Chambo, shikamoo. Mke wangu ametulipia safari ya nusu siku ya kuvua samaki Watamu, mimi na yeye na watoto wawili. Sijawahi kushika ndoana. Wanasema safari ni ya watu wa viwango vyote, lakini mimi hata kiwango sina. Nifanyeje? – Asiye na Kiwango, Thika*

Marahaba, mpwa wangu. Umefanya jambo la maana kuniandikia mimi, si yule mwenzangu wa ukurasa wa tisa anayejibu mambo ya ndoa. Yule bahari huiona kwenye kalenda.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Mimi nilizaliwa usiku wa bamvua, maji yamejaa mpaka mlangoni, na mkunga aliyenipokea (wa nchi kavu, si yule wa miambani) aliniangalia viganja akasema, huyu atavuta kamba. Nimevuta. Kolekole wa pwani hii wananifahamu kwa sura. Manahodha wa hapa walipoona nimeshatoa mchango wa kutosha, walikaa kikao wakaamua kwa kauli moja nipumzike barazani na nisipande tena boti ya mtu yeyote. Heshima ya namna hiyo sijasikia mwingine akipewa.

Wako wanaosifiwa kwa kazi ndogo kuliko yangu. Mwaka 1934 Ernest Hemingway, yule mwandishi wa Marekani, alipomaliza kuwinda bara aliteremka Malindi kuvua. Baadaye akaandika kitabu juu ya mzee aliyekaa siku 84 bila kupata samaki, na mwaka 1954 akapewa Tuzo ya Nobel. Siku 84! Mtaani kwetu ukirudi mikono mitupu siku zote hizo hupewi tuzo, unapewa talaka.

Ulikuwa umeuliza nini? Aha, kiwango.

Nusu siku ni saa nne au tano majini. Mnaondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka, na kabla ya saa sita mmesharudi mnatafuta kivuli. Hamwendi kule mbali wanakofukuziwa sulisuli na nduwaro. Mnabaki kandokando ya mwamba, minazi bado mnaiona, mkitafuta changu, chewa, kolekole, mzia, na nguru akipenda mwenyewe. Wanaposema viwango vyote maana yake ni hii: nahodha anajua mahali, baharia anatia chambo, wewe unazungusha rili, lile gurudumu la uzi kwenye fimbo ya kuvulia, na kupiga kelele. Kelele watoto wako wanaweza tayari. Kwa hiyo nusu ya familia imefuzu.

Wasiotaka fimbo watapewa mshipi, yaani uzi, ndoana na chubwi ya kuzamisha, basi. Mimi huuheshimu mshipi kuliko fimbo, kwa sababu samaki akionja chambo unamsikia kidoleni. Ila kidole kiwe chini ya uzi tu. Usiuzungushe mkononi hata mara moja, kwa sababu kolekole akichomoka utakata nyama, na hospitali utaeleza nini? Kwamba ulikuwa likizo?

Sasa mazoezi. Tafuta mbuzi. Usinunue, wa jirani anatosha, na jirani mwenyewe asishughulishwe na habari hizi. Funga uzi wa fimbo kwenye kamba ya shingo yake, kisha mtoto amwonyeshe ganda la ndizi ng'ambo ya uwanja. Mbuzi atatoka mbio. Hapo ndipo watu wa bara hukosea: wanaukamata uzi kwa nguvu zote na uzi unakatika. Mwache aende! Rili ina breki yake, na ikiwa imelegezwa kiasi uzi utatoka kwa kishindo huku samaki, yaani mbuzi, anajichosha mwenyewe. Ncha ya fimbo iwe juu muda wote. Akipunguza mwendo, inua fimbo taratibu, kisha ishushe huku unazungusha. Inua tena, shusha unazungusha. Usizungushe wakati unainua. Ukimfikisha mbuzi miguuni bila uzi kukatika wala jirani kutoka nje, uko tayari kwa bahari yoyote iliyoumbwa.

Lile ganda la ndizi libaki Thika. Wavuvi wengi wa Ulaya na Marekani wanaamini ndizi botini ni nuksi, na huenda mkapanda na mmoja wao. Mimi siamini upuuzi kama huo. Mimi huvaa kofia yangu nyuma mbele na kutema mate mara tatu upande wa kibla cha samaki, jambo ambalo lina ushahidi.

Kuna swali moja mkeo angeuliza kabla ya kulipa: siku hiyo ni bamvua au maji mafu? Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, maji hujivuta kivivu. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa iliyowafaa majirani zenu wiki jana haiwafai nyinyi. Samaki hula maji yakitembea. Yakisimama na wao husimama, na hapo utamwona nahodha anawasimulia hadithi. Zisikilizeni kwa adabu, ingawa zangu ni bora. Msimu nao una neno: wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni ya watu. Kusi ikikolea kuanzia Mei, bahari ni ya wenyewe.

Jambo jingine usishangae. Mtapita juu ya maji maangavu yenye samaki wa kila rangi, na nahodha hatasimama. Hiyo ni hifadhi. Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari tangu 1968, na ndani yake huvui hata kwa pini. Nahodha akikwambia tusogee nje ya mpaka, sogeeni. Nahodha akikwambia hapa hapa, askari hawajaamka, mwambie akurudishe pwani. Mimi mwenyewe samaki wa hifadhini hunipungia mapezi nikipita ufukweni, nami sijawahi kutumia vibaya mapenzi yao.

Ukimpata mdogo, lowesha mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humtoa utando wa ngozi, kisha mrudishe. Ukimpata bunju, yule anayejivimbisha bila sababu (nazungumzia samaki, si ukurasa wa tisa), usimpeleke jikoni hata kwa mzaha. Sumu yake haitoki hata umchemshe kutwa nzima.

*Mjomba, mimi hutapika hata kwenye kivuko cha Likoni. Wenzangu wa ofisini wamepanga kwenda kuvua asubuhi moja, na bosi yumo. – Tumbo Jepesi, Mombasa*

Pole, mwanangu. Kulewa bahari si ugonjwa, ni ukosefu wa ukoo. Sisi kwetu hatulewi. Babu yangu alilala usingizi katika dhoruba iliyong'oa mlingoti, akaamka kuuliza kama chai imeiva.

Tiba ya kikwetu ni hii. Kwa wiki nzima lala kwenye machela, watoto wakubembeze usiku kucha kwa zamu huku wakikurushia maji ya chumvi usoni. Mchana kula ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Siku ya saba mtu akuzungushe ndani ya pipa. Ukitoka ukaweza kutaja majina ya bandari kutoka Lamu hadi Vanga bila kuruka hata moja, umepona.

Watu wasio na pipa humeza kidonge cha duka la dawa kama saa moja kabla ya safari, baada ya kumuuliza mfamasia, maana vingine huleta usingizi. Hutafuna tangawizi, hula mkate mkavu kidogo badala ya kwenda na tumbo tupu au na mahamri sita, hukaa katikati ya boti mbali na moshi wa mashine, na macho huyaweka kule maji yanapokutana na mbingu. Simu huiacha mfukoni. Mambo ya kizembe, lakini naambiwa yanasaidia.

Likija lisilozuilika, basi litoe upande wa demani, upepo ukiwa mgongoni mwako. Joshini kamwe, maana litarudi, na bosi yumo. Ukifanya vizuri changu watakusanyika chini kwa chambo cha bure, nawe utapandishwa cheo.

*Mjomba, nilikwenda nusu siku nikarudi bila kitu. Nikapita sokoni nikanunua tasi wawili, nikamwambia mke wangu nimewavua kwa fimbo. Alicheka mpaka akakaa chini. Alijuaje? – Nimeumbuka, Kilifi*

Tasi! Kijana, ungesema umevua kuku. Tasi hula majani ya bahari, hana haja na kipande chako cha ngisi. Hao hunaswa kwa malema, na mwanamke aliyekulia Kilifi analijua hilo kabla hajajua kusoma. Tena ana miiba yenye sumu mgongoni, na wewe ulirudi vidole vyote vikiwa salama. Ungenunua kolekole, na ungemwomba mama karanga, yule mwanamke anayekaanga na kuuza samaki, akuchagulie mwenye tundu la ndoana mdomoni. Mama karanga wetu hunihifadhia wa namna hiyo kila Ijumaa, kwa sababu za kitaaluma ambazo si lazima nizieleze hapa.

Mhariri ananionyesha saa, na nilikuwa bado sijafika kwa chewa niliyemvuta kutwa mpaka akaomba radhi. Basi haraka haraka. Thika: nenda, vaa kofia na shati la mikono mirefu kwa sababu jua la majini huchoma mara mbili, kila mtoto avae jaketi la kuokolea hata kama baharia hajavaa, na muulizane kabla ya kuondoka samaki watakuwa wa nani, wenu au wa boti. Bakshishi ni yako kuamua. Likoni: tangawizi. Kilifi: mwombe mkeo msamaha, kisha mpeleke yeye akavue. Na wewe wa Eldoret uliyeuliza kwa nini ng'ombe wako amegoma kutoa maziwa, subiri wiki ijayo. Ng'ombe nawajua kuliko hata bahari.