Sifa za Kikopo

Washairi wamesifu makasri, majahazi na macho ya wanawali, wala sijaona hata mmoja aliyemwaga wino wake kwa ajili ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kuzungusha, ambacho mume hukabidhiwa maabara kwa sauti ya chini, siku ile daktari anapoona kuwa mke amekwisha pimwa vya kutosha peke yake. Dhuluma hiyo naazimia kuiondoa.

Nianze na nasaba. Elimu ya kikopo ilizaliwa mwaka 1677 katika mji wa Delft, Uholanzi, ambako muuza nguo Antonie van Leeuwenhoek aliyatazama manii kwa hadubini aliyoiunda mwenyewe, akaona viumbe vyenye mikia vikiogelea. Naye, kwa hadhari ya mtu mwenye kulinda heshima yake, akawahi kuwahakikishia wanazuoni wa London kwa barua kwamba alichokitazama kilipatikana kwa njia ya halali ya ndoa. Kwa hiyo udhuru na kikopo ni ndugu wa tangu hapo.

Fadhila yake kuu ni uadilifu. Mtoto akikawia, mavyaa humkagua mkaza mwana kiuno, wifi huuliza, "Bado tu?", jirani huleta mizizi, na bibi wa watu hunyweshwa kombe, akafukizwa, akakandwa, hali bwana ameketi barazani akipokea pole kama mdhulumiwa. Kikopo hakijui baraza. Humwita shekhe, hakimu na hamali kwa wito mmoja, kwani imethibiti ya kuwa katika karibu nusu ya ndoa zilizokawia kupata mtoto, sababu, ama yote ama sehemu yake, iko kwa mume.

Tena ni mwalimu wa adabu. Humfunza mume subira, kwa kumtaka ajizuie siku zisizopungua 2 wala kuzidi 7. Humfunza kutunza wakati, yeye aliyechelewa hata katika nikahi yake, kwa kumwamuru amana ifike kabla ya saa moja kupita, wala isipoe. Basi utamwona anakwenda mbiombio, kikopo kwapani ndani ya kanzu, mkono umegandamana na ubavu, na rafiki akimnyoshea mkono wa salamu, huapa kuwa ana jipu. Humfunza na unyenyekevu: Shirika la Afya Duniani limeweka mbegu milioni 16 kwa mililita kuwa mpaka wa chini, hata mwenye milioni 10 huambiwa ni mhitaji, naye hutoka akiomba dua ya riziki, na mamilioni yake mkononi.

Na mke, ambaye kila hedhi ilipobisha hodi alijifungia chumbani kulia, akisimuliwa habari ya jipu hucheka mpaka akaketi chini, na mumewe akacheka naye. Dawa hiyo haiandikwi katika cheti chochote.

Kwa hiyo, enyi waume ambao mwaka umepita bila ya dalili, au miezi 6 ikiwa bibi ametimiza miaka 35, msingoje amalize waganga wa mji mzima. Nendeni naye kwa daktari tangu siku ya kwanza, mkakipokee kikopo kwa mikono miwili.