Sigara ya Kuchaji

Mvutaji wa Muleba hana mambo mengi. Anafika kioski, anaweka sarafu juu ya ubao, anapewa Portsman moja, anaiwasha kwa kiberiti kilichofungwa kamba kisiondoke na mteja, kisha anashika njia yake. Hakuna anayemuuliza anataka omu ngapi.

Mimi nilitaka kuachana na kioski hicho. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi kila nikipanda mlima, na mke wangu alishalihamisha koti langu la misa kabatini akalitundika kwenye jiko la kuni, akidai huko ndiko kwao. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam akasema suluhisho ni sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu, na kwamba mtu anayeanza, elfu sitini inamtosha kabisa. Alisema hayo kwa simu akiwa Kariakoo, ambako kila kinachoharibika kina mwenzake duka la pili. Muleba kuna nini, hilo hakuuliza.

Nikapanda Koasta, Muhutwe, Kemondo, hadi stendi ya Bukoba, elfu sitini ikiwa imeshaanza kumeguka kwa nauli. Duka lilikuwa karibu na soko kuu, linauza kava za simu, manukato, saa za kung'aa, na chini kabisa, nyuma ya kalkuleta, hizo vepu. Muuzaji alikuwa kijana mdogo, na kama ilivyo desturi ya kwetu, hakukubali kupokea hela kabla ya kunipa mhadhara. Wale wanaotutania sisi Wahaya kwa jina la nshomile, yaani “nimesoma”, wangepita pale wangeondoka wameridhika.

“Ta, wewe unavutia mdomoni kwanza, au unashusha moja kwa moja kifuani?”

“Navuta kama alivyovuta marehemu baba.”

“Basi wewe ni wa omu kubwa.”

Alikuwa anasema kweli. Kifaa chenyewe ni betri ya lithiamu, kitangi kidogo cha mafuta, na koili, yaani kijiwaya kinachogusana na pamba. Ukivuta, waya unapata moto, na mafuta yaliyonywewa na pamba yanageuka mvuke. Mafuta hayo ni gliserini, propilini glaikoli, ladha na nikotini. Jani haliungui, kwa hiyo jivu hakuna. Koili hupimwa kwa omu, yaani ukinzani wake kwa umeme: ya omu 1.2 inakula umeme kidogo, inatoa mvuke wa kiasi, na chupa inakaa. Ya omu 0.2 inatoa wingu la kufunika stendi, lakini inakunywa mafuta kama fuso linalopanda Kamachumu. Asiye na hela asimtazame anayefuka sana.

Akanitandikia mezani ya kutupa, ambayo bei yake inavutia mpaka uhesabu kwamba ikiisha unaitupa na betri yake, na kwetu kutupa maana yake ni kuzika kwenye shamba la migomba. Akatoa na boksi zito la betri mbili za 18650, zile zile zinazokaa kwenye tochi kali. Hilo nikalirudisha kwa adabu. Nikachukua nyembamba ya kujaza. Mafuta yaliyokuwepo ni ya embe tu. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita. Chupa yangu iliandikwa 50. Nikavuta mara moja pale stendi, dunia ikazunguka kidogo, nikajikuta nampa shikamoo kondakta wa umri wa mwanangu wa mwisho.

“Marahaba,” akaitika, bila haya.

Aliyeibuni sigara hii ya kisasa ni mfamasia wa China, Hon Lik, naye mvutaji, mwaka 2003. Ni mwaka uleule Tanzania ilipotunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku, kwa hiyo sheria na kidude vilizaliwa pamoja bila kujuana. Jirani zetu waliingia baadaye lakini kwa kishindo: Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ilipiga marufuku sigara za umeme na shisha kwa pamoja. Shemeji yangu mwenye biashara Mutukula, mpakani upande wa Uganda, alinipigia mapema. “Shemeji, ukija harusini, hicho kidude kiache upande wenu.” Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Umeme wetu wa siku hizo haukuwa wa gridi ya taifa. Ulikuwa unatoka hukohuko Uganda, unavuka mpaka kutoka Masaka hadi Kyaka, ndipo ututawanyikie Bukoba na Muleba. Kila jioni nilikuwa nachaji, kwa umeme wa Waganda, kitu ambacho Waganda wenyewe wamekikataza.

Umeme huo ulipokatika, ilikuwa msimu wa senene. Mwenye jenereta alikuwa jirani mmoja mtegaji, aliyesimamisha mabati yake kilimani na taa kali za kuwavuta wadudu. Akaniruhusu nichomeke kwenye kona ya ekstensheni yake, nikaenda kulala. Usiku senene walishuka kwa wingi, vijana wakakusanya kila kilichong'aa pale chini. Alfajiri kifaa changu kilipatikana ndani ya ndoo, na mama mmoja alikuwa ameshakishika kwa vidole viwili, anakigeuzageuza kutafuta mabawa ya kunyonyoa.

“Huyu mbona hana miguu?”

Chaji ilikuwa imejaa, lakini.

Na hiyo harufu ya embe. Sigara ya kawaida inanuka, ila inanuka kitu kinachojulikana. Mtu akitoka nyuma ya nyumba anafuka, watu wanaelewa alikokuwa. Tulikuwa msibani Kamachumu, wanaume tumekaa kwenye mabenchi kwa ukimya unaostahili. Nikajitenga hadi nyuma ya migomba, nikavuta kidogo. Upepo ukageuka.

“Nani kaleta maembe msibani?” shangazi akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa wapishi.

Watu wakageuka. Nikakishusha mkononi, mzee aliyekuwa karibu akakiona. Akaniuliza kwa upole kama ni kile kipimo cha sukari, maana mdogo wake naye anacho. Nikamweleza: betri, koili, mafuta, omu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingiza mkono mfukoni, akatoa punje za akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa. Akanimwagia kiganjani.

“Tafuna hiyo, waitu. Haichajiwi.”

Niseme na hili, maana ndugu wengi wameniuliza kama ni dawa. Si dawa. Nikotini ni nikotini hata ikinukia tunda, na asiyevuta hana sababu yoyote ya kuanzia hapa. Mimi nilikuwa natafuta unafuu wa koti.

Mafuta yalipokwisha, shangazi aliamua kunisaidia. Alikuwa amesoma kile kichupa kwa miwani yake, neno kwa neno, akaona gliserini. Na gliserini anayo, ile ya duka la dawa ya kupaka miguu wakati wa kiangazi, tena yeye anaipata kwa bei ya chini sana kuliko wizi wa Bukoba. Nilikuwa shambani. Nikarudi nikakuta kitangi kimejaa hadi pomoni na shangazi anatabasamu. Sikujua, nikavuta. Gliserini tupu ni nzito, pamba haiwahi kuinywa. Waya ukapata moto juu ya pamba kavu. Kama hujawahi kuvuta pamba inayoungua, baki hivyohivyo. Nilikohoa mpaka mbwa akatoka uani.

Koili ikawa imekufa, na hapo ndipo nilipoijua bei halisi ya sigara ya umeme. Kifaa hununuliwa mara moja. Koili inachakaa hata ukiitunza, baada ya wiki moja au mbili hivi, na isipokuwepo, ulichonacho ni filimbi isiyolia. Nikaenda duka la spea hapo Muleba.

“Koili ipo?”

“Ipo. Ya Noah au ya IST?”

Duka la pili walinitolea koili ya jiko la umeme, pana kama sahani. Nikatuma hela kwa simu Bukoba, yule kijana akampa mzigo kondakta wa Koasta. Kondakta alikuwa yuleyule aliyeniitikia marahaba stendi. Akanikabidhi bahasha, akachukua ya soda, akaondoka. Ndani mlikuwa na koili safi, mpya, ya omu 1.2, ya kifaa cha aina nyingine kabisa. Jumlisha nauli ya kwanza, hiyo koili, ya soda, na ada ya kutuma hela, ile elfu sitini ya mpwa wangu nilikuwa nimeshaipita, na bado sivuti.

Nilikuwa nimekaa barazani naipima koili ile kwenye tundu isiloingia, akaja kijana wa bodaboda. Alikuwa amesikia. Naye anataka kuachana na fegi, hela yake ni ndogo, anaomba ushauri. Nikampa wote: omu kubwa, miligramu ndogo, ukijaza subiri dakika kumi pamba inywe, ficha mafuta shangazi asiyaone, Mutukula usivuke nayo. Alisikiliza vizuri sana, kichwa kimeinama. Kisha akanyoosha kidole.

“Na hiyo yako, mzee, unaiuza?”

“Elfu thelathini. Nakupa na chaja.”

Akakichukua, akakipima uzito, akakichungulia ndani.

“Ina koili?”