Mama Pimbi na Bibi Kamongo

Kwenye majabali ya Capri Point, Mwanza, aliishi Mama Pimbi na wanawe watatu. Kila alfajiri alipanda jiwe la juu, akaelekea jua linakochomoza, akamwomba Mungu kwa sauti kali iliyowaamsha majirani wote.

Siku za gulio Kiboko aliwavusha wanyama kwenda kisiwa cha Saanane kwa nauli. Mgongo wake ulitosha abiria kumi. Siku moja alipakia ishirini na tisa, na magunia ya dagaa juu yao. Ndege Fundichuma akamwambia, "Nahodha, umezidisha." Kiboko akajibu kwamba nauli hairudishwi mlangoni. Katikati ya maji upepo ukapiga, mzigo ukalalia upande mmoja. Watoto wa Mama Pimbi walikuwa chini ya magunia.

Matangani Korongo, mzee wa ibada, alisimama akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Aliyeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kiboko.

Hapo ndipo imani ya Mama Pimbi ilipokatika. Kama ni Mungu aliyepakia yale magunia, alijiambia, sina tena la kumwomba. Kauli ile nimeisikia misibani mara nyingi. Ikitoka kwa mfiwa, ni unyenyekevu. Ikitoka kwa aliyepokea nauli, ni kumsingizia Mungu.

Jiwe la juu likabaki tupu. Mama Pimbi alijifungia kwenye ufa wa jabali, manyoya yakamnyonyoka. Mjusi alimletea majani mabichi kila jioni, akayaweka mlangoni, akaondoka bila kusema neno.

Jioni moja kiu ilimshusha ufukweni. Akaona pua ikitokeza majini, ikivuta hewa, ikazama. Baada ya muda ikatokeza tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona wapanda na kushuka? Samaki wenzio wametulia chini."

"Mimi ni kamongo. Nisipopanda kuvuta hewa nakufa maji, samaki mzima."

Mama Pimbi akamweleza yaliyompata. Bibi Kamongo alisikiliza mpaka mwisho, akapanda kuvuta hewa, ndipo akasema:

"Nilikuwa humu ziwani tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza. Nilikuwa humu tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa inakaribia kutia nanga Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa tu walizidi 220. Mungu siye aliyewajaza mle. Mimi nilimwona kwa wavuvi waliogeuza mitumbwi yao kwenda kuokoa. Nilimwona fundi mmoja alipotolewa hai siku mbili baadaye, mahali palipokuwa pamebaki hewa."

"Mbona hakuzuia, bibi?"

"Hilo sijajibiwa, na nimezeeka nikiliuliza. Naliuliza huku nikipanda."

Alfajiri Mama Pimbi alipanda jiwe. Sala hakuiweza. Alilia tu, akamtajia Mungu wanawe mmoja mmoja kwa majina, akamlalamikia waziwazi. Chini yake Mjusi akaitikia amina. Kesho yake akapanda tena, na keshokutwa, mpaka siku moja sauti ile kali ikarudi. Majirani waliisikia wakatoka nje. Wengine walilia.

Akitoka kwenye sala sasa hushuka moja kwa moja mwaloni, akasimama mbele ya Kiboko akihesabu. Akifika kumi husema, "Wametosha. Shusha na hayo magunia." Siku ya kwanza Kiboko alimwita asiye na imani. Mama Pimbi hakubishana naye, wala hakuondoka, na abiria wa kumi na moja akageuka mwenyewe.

Ndugu msomaji, ukipita Igoma, yako makaburi ya abiria wa MV Bukoba. Simama uwaombee. Na ukifika mwaloni ukakuta chombo kimejaa, usipande, na uwazuie walio nyuma yako.