Pazia Hilo Umelinunua Wapi?

Ukitaka kujua nani na nani wamehifadhi namba yako ya simu, anza kuuza ubuyu kwenye stetasi. Watajitokeza wote: fundi bomba aliyekuja mara moja akaondoka na spana yenu, mama wa mchumba wa zamani, mwalimu wako wa darasa la nne, bodaboda watatu wanaoitwa Juma, na mwenye nyumba. Wateja nao watakuwemo humo humo, ila kuwapata ni kazi ya kuchambua mchele gizani.

Mimi naagiza ubuyu kutoka Unguja, ule mwekundu uliokolea iliki na pilipili, unakuja kwa boti, naupaki kwenye vikopo hapa Temeke. Kwenye semina moja ya wajasiriamali, kijana wa masoko mwenye shati la kubana alitwambia zama za mabango zimekwisha. Siku hizi watu wanataka hadithi fupi. Sekunde za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu atabaki au atakupita. Msitangaze, simulieni. Ulizeni maswali. Wapeni watu haraka ya kununua. Wekeni shuhuda za wateja. Na zaidi ya yote, akasema huku amenyoosha kidole, onesheni mambo ya nyuma ya pazia. Tukaandika, tukapiga makofi, tukanywa soda.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu shangazi zetu.

Maana hizi picha za saa 24 hazikutungwa na mtu mwenye ukoo mkubwa. Snapchat walizianza mwaka 2013, na waliokuwa wakitazamana ni vijana na marafiki zao. Agosti 2016 Instagram wakaiga bila kificho, na Februari 2017 zikaingia WhatsApp. Kabla ya hapo stetasi ya WhatsApp ilikuwa sentensi moja tu unayoiandika na kuisahau. Baba mkubwa wangu aliyeko Tanga amestaafu siku nyingi, lakini kwa mujibu wa simu yake bado yuko kwenye kikao.

Instagram mtu usiyemjua anaweza kukuona, akavutiwa, akanunua. WhatsApp haina mgeni. Stetasi yako inamfikia yule tu ambaye wewe una namba yake na yeye ana yako. Yaani unafungua duka, halafu wanaoruhusiwa kuingia ni wale wanaokumbuka ulivyolia siku ya chanjo. Mtu wa namna hiyo haangalii ubuyu. Anakuangalia wewe.

Nilianza na nyuma ya pazia, kama tulivyofundishwa. Nikajirekodi jikoni nikiusonga ubuyu kwenye sukari iliyochemka, mvuke unapanda, rangi imekolea, mkono unazunguka. Video ilikuwa nzuri mno. Ujumbe wa kwanza ukatoka kwa shangazi: "Hiyo sufuria si ndiyo ile niliyoitafuta tangu harusi ya Mwanaidi?" Wa pili ukatoka kwa jirani wa zamani: "Pazia hilo umelinunua wapi?" Wa tatu, pazia. Wa nne, pazia, na akataka kujua kama linapatikana rangi ya maziwa. Mwenye nyumba naye hakukosa: "Hongera, naona biashara imechanganya. Tukumbukane na ile kodi." Kuhusu ubuyu hakuna aliyeuliza hata kama unaliwa.

Nikahamia kwenye maswali. Nikaandika kwa herufi kubwa juu ya picha nyekundu: "Ubuyu mpya umeingia leo, wa moto, kutoka Unguja. Nani anautaka?" Simu ikatetemeka mpaka ikasogea yenyewe mezani. "Nani tena kaachika?" "Ni yule msanii? Nilijua tu!" "Subiri kwanza, mume wangu yuko hapa, nakupigia." Wifi yangu, mtu mzima, mwenye cheo msikitini, akaniambia nianze mwanzo na nisiruke kitu. Nikamjibu kopo shilingi 3,000. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Siku hizi mnauza? Haya natuma, ila uwe wa uhakika." Hela ikaingia. Nikampelekea kopo kwa bodaboda. Mpaka leo anasema nilimtapeli, ingawa kopo alilimaliza.

Somo la haraka nalo likafuata. Jumapili usiku nikaweka maandishi meupe kwenye giza, bila picha, ili yaguse: "Zimebaki saa chache. Usije ukajuta." Nilikuwa na maana ya punguzo la kopo mbili. Alfajiri baba mkubwa akapiga simu kutoka Tanga. Alitoka kwenye kikao chake kunisihi nisichukue uamuzi wowote, kwamba maisha ni mitihani, kwamba hata yeye mwaka ule wa mavuno mabaya alifikiria mengi. Nilipomweleza ni ubuyu, akashusha pumzi, kisha akawa mkali: kwa hiyo nimemtoa kitandani kwa ajili ya mbegu za mbuyu? Nauli ya kuja Dar alikuwa ameshaikopa.

Shuhuda ndizo zilizonigombanisha na mtaa. Mteja mmoja aliniandikia: "Ubuyu wako mtamu, niletee kopo kumi, nina wageni." Nikapiga skrinishoti, nikafuta jina, nikaiacha ile picha ndogo ya pembeni ambayo kwa macho yangu haikuonekana. Kwa macho ya katibu wa kikoba chetu ilionekana vizuri sana. Mteja yule alikuwa ametoka kuwaeleza wanakikoba kwamba mwezi huu hana hata mia, marejesho wamsubirie. Jioni hiyo walikwenda kwake wote, wakakaa sebuleni kama wageni, wakasubiri ubuyu.

Mwisho nikabaki na deni. Mtu mmoja alichukua vikopo kwa mkopo akapotea, nami kwa kuogopa kumtaja nikaweka fumbo: "Mwenye deni langu alijue, uvumilivu una kikomo." Hapo nikajifunza bibi zetu walikuwa mbali. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno machache ya chini, na bibi yangu alikuwa na kanga kwa kila jirani. Akiwa na la kumwambia mtu, anaivaa, anapita mara moja mbele ya mlango wake kwenda kisimani, anarudi. Wafanyabiashara wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak walijenga jina kwa kuuza vitambaa hivyo vyenye maneno, na siri yake ni kwamba bibi alichagua mlango wa kupita. Stetasi inapita milango yote kwa mpigo. Ndani ya saa moja watu ambao sikujua kama wananidai au nawadai walikuwa wakijitetea. Fundi bomba akaahidi kurudisha spana. Mwanafunzi mwenzangu wa sekondari akanitumia 5,000 ya mwaka ambao hata mimi siukumbuki. Mama wa mchumba wa zamani akaandika kwamba mwanawe ameshaoa na yaliyopita yamepita. Na mdaiwa mwenyewe? Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya waliotazama. Akaniandikia: "Pole dada, watu wa siku hizi hawana utu."

Utasema, si uwafiche ndugu? Kuna sehemu ya kuchagua nani asione. Nilimficha shangazi. Kesho yake akanipigia binamu kuuliza kama nimefariki au nimekosana na shangazi, maana simu yake haioni tena habari zangu na presha imepanda. Nikamrudisha, na sufuria nikarudisha. Wengine wanajificha wao: wamezima tiki za bluu, wanatazama kila kitu na majina yao hayaonekani popote. Hao utawajua msibani, pale mtu ambaye hamjaongea tangu mwaka juzi anapokuuliza kama ule mzigo wa mwisho ulikuja umelowa.

Nilifikia kutaka kuacha. Nisingekuwa wa kwanza kushindwa. Twitter nao walileta hadithi zao za siku moja Novemba 2020, wakaziita Fleets, na Agosti iliyofuata wakazifunga kwa sababu watu hawakuzitumia kama walivyotarajia. LinkedIn wakafunga za kwao mwezi mmoja baadaye. Wenzangu wale walikuwa na wahandisi na mabilioni, mimi nina simu yenye ufa na bando la wiki.

Ila wao walikosa kitu nilichokuwa nacho mimi: watu wanaotaka kujua mambo yangu. Hapo ndipo nikamwelewa yule kijana wa semina kuliko alivyojielewa. Hakuna mtu anayefungua stetasi ili auziwe. Anafungua achungulie: umenenepa au umekonda, nani amekaa pembeni, kiti kipya kimetoka wapi. Ukimsogezea bidhaa usoni anaipita kwa kidole gumba kutafuta kilichoko nyuma yake. Basi bidhaa ihamie huko nyuma.

Siku hizi siuzi ubuyu stetasi. Naweka pazia likipepea, asubuhi njema, na vikopo vimejipanga dirishani vikichomwa na jua kana kwamba nimevisahau. Naweka mtoto wa jirani akifanya hesabu za shule, na mkononi ana kopo. Naweka miguu yangu imepumzika juu ya kigoda, na chini ya kigoda, kwa bahati tu, kuna boksi zima lenye maandishi ya Unguja. Bei siandiki. Ujumbe unaingia wenyewe, na wote unaanza kwa sauti ya mtu aliyegundua siri: "Samahani, hivyo vyekundu hapo nyuma ni nini?" Shangazi amechukua vinne. Wifi amechukua viwili, safari hii akijua anachonunua, ingawa aliuliza kama kuna cha ziada. Hata baba mkubwa ameagiza, kitoke Dar kiende Tanga kwa basi.

Juzi mwenye nyumba naye akaandika. Nikaufungua ujumbe taratibu, nimejiandaa na maneno ya kuomba wiki mbili.

"Pazia zuri. Hicho kikopo cha mwisho kulia, unauzaje? Niletee vitatu, ukate kwenye kodi."